Kifua cha Babu, Shule ya Macho

Mara ya tatu mwezi ule Mama Macho alipofika zahanati na mwanawe mgongoni, mpokezi hakumwuliza jina wala kadi. Alimnyooshea kidole mlango wa chumba cha mvuke, akasema, "Kiti chako kiko wazi, mama," kama mwenye mkahawa anavyomwonyesha mteja wa kila siku meza yake. Mama Macho alikaa. Alimvisha mtoto kile kibarakoa cha plastiki, mkono mmoja akashika bomba, mwingine akauweka kwenye kifua kidogo kilichokuwa kikipanda na kushuka kwa haraka. Mluzi ulisikika mpaka mlangoni, mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka.

Mtoto alikuwa na miaka mitatu na nusu. Alirithi jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kulitamka hovyo hovyo. Wote walimwita Babu. Wageni waliposikia anavyokohoa walidhani ni mzaha.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kusema maneno yale yale kwa watu kumi tangu asubuhi.

"Mnaishi wapi?"

"Hapa hapa mjini, daktari. Nyuma ya soko la vyuma."

"Nyumba ya namna gani?"

"Chumba. Ghorofa ya kwanza."

"Na chini kuna nini?"

"Gereji."

"Ya kutengeneza injini, au ya kupuliza rangi?"

"Ya kupuliza rangi."

Daktari aliiweka kalamu mezani. "Baba yake anafanya kazi gani?"

Hapo Mama Macho nusura acheke, kicheko cha mtu aliyeishiwa. "Fundi rangi."

"Jamani, mama." Daktari alisukuma kiti nyuma. "Mimi naweza kukuandikia dawa mpaka mkono uniume. Mnamtibu asubuhi, mchana mnamrudisha kwenye ugonjwa. Siku moja mtachelewa, au mtakuta kiti kile kina mtoto mwingine. Mtoeni pale. Sisemi mwakani. Mpelekeni nje ya mji, kwenye hewa."

"Tuna mwingine, daktari. Dada yake anasoma hapa."

"Shule ziko kila mahali."

Mama Macho alifungua kinywa amweleze, lakini mlango ulikuwa umekwisha kusukumwa na mwanamke mwingine mwenye mtoto mwingine. Alimfunga Babu mgongoni, akashukuru, akatoka.

Shule ya Macho haikuwa kila mahali. Ilikuwa vyumba viwili vya bati nyuma ya shule kubwa ya msingi katikati ya mji, na mwalimu mmoja mnene aliyetembea na chaki mfukoni mwa gauni. Kilikuwa kitengo cha viziwi, na nje ya mji hakikuwapo kingine. Jina halisi la binti lilikuwa kwenye daftari la shule tu. Mtaani kila mtu alimwita Macho, kwa kuwa macho yake ndiyo yaliyokuwa masikio. Mpaka anafikisha miaka sita alikuwa akinyoosha kidole, akivuta watu nguo, na asipoeleweka akijipigiza sakafuni. Kisha akaanza kitengo. Jioni moja alimtazama mama yake akimenya viazi, akafanya alama ambayo mama yake hakuijua. Kesho yake Mama Macho aliibeba alama ile mpaka shuleni, akiirudia njiani kwa vidole asije akaisahau.

"Anauliza kwa nini," mwalimu alisema.

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini chochote, mama. Sasa jiandae."

Tangu siku hiyo Macho alikuwa hanyamazi. Kwa nini mvua, kwa nini ndevu, kwa nini mwezi unatufuata. Sasa alikuwa na miaka saba, na Mama Macho alikuwa ameanza kushindwa na maswali kama mama yeyote mwingine, jambo ambalo hakuwahi kuota kuliomba.

* * *

Brashi, mumewe, alikuwa na desturi ya kuvua nguo za kazi ngazini. Alizifunga kwenye mfuko, akaufunga mfuko ndani ya mfuko mwingine, ndipo akaingia na kaptura, amejisugua mikono mpaka ikawa myekundu. Jioni ile aliingia na tabasamu alilojaribu kulificha.

"Nimepata nyumba."

"Wapi?"

"Nje. Lami inapoishia, halafu mbele kidogo."

"Kidogo cha nani? Maana chako nakijua."

"Kidogo cha dakika ishirini kwa mguu. Lakini sikiliza, mke wangu. Vyumba viwili. Viwili! Na ua. Kodi ni hii hii tunayolipia hiki kiboksi. Maji yanatoka siku mbili kwa wiki, lakini yanatoka."

"Na shule?"

"Ipo. Nimeiona kabisa. Ina bendera."

"Sikuulizi bendera. Nani kule anaongea kwa mikono?"

Brashi alianza kubandua rangi iliyokauka kwenye ukucha. Chini yao mashine ilinguruma, na harufu ikapanda kupitia sakafu, tamu na kali. Babu alikohoa usingizini. Wote wawili walihesabu, mara nne, mara tano, mpaka akatulia. Macho alikaa katikati ya kitanda akigeuza uso kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule. Alifanya alama ya kwa nini.

"Mwambie hakuna kitu," Brashi alisema.

"Mwambie wewe."

Brashi aliinua mikono, akaiangalia, akaishusha. Alama alizozijua yeye zilikuwa kula, lala, njoo na pipi.

Kwanza walitafuta chumba kingine mjini, kwa sababu ndilo lililoonekana jepesi. Jumamosi tatu walizunguka na dalali. Chumba cha kwanza kilipakana na stoo ya mkaa. Cha pili dirisha lilifunguka kwenye barabara kuu, mahali malori yanapokaza gia kupanda mlima, na kizingiti kilikuwa na masizi ya kuandikia jina. Cha tatu kilikuwa kizuri, kikavu, kina bafu lenye vigae vyeupe, na ingawa kodi iliwazidi, Brashi alishasema atachukua kazi za Jumapili. Macho alipoona vigae vile alifurahi, akatoa ile sauti yake nene itokayo tumboni. Mwenye nyumba aligeuka.

"Huyu ana nini?"

"Hasikii," Mama Macho alisema. "Lakini ni mtulivu sana."

"Sawa. Ila hapa nina wapangaji wastaarabu, unanielewa? Wanapenda utulivu." Akamgeukia dalali. "Hukuniambia."

Jumanne Babu alibanwa tena, midomo ikawa ya bluu, na Brashi alimbeba mikononi akikimbia mpaka zahanati, amevaa kiatu kimoja. Jumatano Mama Macho alisema, "Twende tukaione hiyo nyumba yako."

* * *

Nyumba ilikuwa ya matofali yasiyopigwa plasta, na jirani mmoja tu, katikati ya viwanja vitupu. Brashi alizunguka akiisifu kama dalali. "Mimi nimepaka rangi nyumba za watu mpaka nimesahau idadi, na yangu itakuwa haina hata chokaa. Ndivyo Mungu anavyocheka." Babu alimkimbiza kuku wa jirani. Aliizunguka nyumba mara tatu, akarudi anacheka, na Mama Macho akapiga magoti, akaweka sikio kifuani pake. Hakusikia mluzi. Aliweka sikio upande wa pili, kisha mgongoni, asiamini. Alisikia moyo tu, ukidunda kama moyo wa mtoto aliyetoka kucheza.

Kisha wakaenda shuleni.

Mwalimu mkuu aliwapokea vizuri. Aliwapa viti, yeye akasimama. "Hatumkatai mtoto hapa, mama. Tutamweka mbele kabisa. Atanakili ubaoni."

"Atajua anachonakili?"

"Darasa la kwanza wako tisini na nne. Hata wanaosikia hawasikii." Alicheka, akaona hawacheki, akaacha. "Nitakuwa mkweli. Sina mwalimu wa lugha ya alama. Lakini hatakuwa peke yake. Tuna mwingine kama yeye, mkubwa kidogo. Yule pale." Aligusa sikio lake, akanyoosha kidole dirishani.

Kupitia dirishani waliona msichana wa kama miaka kumi na minne akimwagilia maua kwa kopo lililotobolewa. Alikuwa nadhifu, na viatu vyake vilikuwa vimefungwa kamba vizuri.

"Yuko darasa la ngapi?" Brashi aliuliza.

"Anatusaidia pale bustanini. Anakuja kila siku, hakosi. Mtoto mwema sana."

Macho alikwisha kutoka. Alikuwa hajawahi kumwona kiziwi mwingine nje ya kitengo, na alimwendea yule msichana mbio, akasimama mbele yake, mikono ikaanza kuruka: jina lako nani, mimi naitwa hivi, una miaka mingapi, nyumbani kwenu wapi. Msichana aliiangalia mikono ile. Aliiangalia kwa makini, kama mtu anavyoangalia karanga zikichekechwa. Kisha alitabasamu, akampa Macho lile kopo amwagilie na yeye.

Mama Macho alishika kizingiti cha dirisha.

"Hapana," alimwambia mumewe walipokuwa njiani. "Nitahama kwa ajili ya Babu. Lakini Macho atasoma kule kule. Nitakwenda naye na kurudi naye, kazi yangu si iko mjini? Tutaamka mapema, basi."

"Mapema saa ngapi?"

"Nimekwambia mapema."

* * *

Mapema ilikuwa saa kumi alfajiri. Mama Macho alimvisha Macho sare akiwa amelala, akamnyanyua wima, akamwongoza kwa kumshika kisogo kwenye njia ya vumbi mpaka lami, mabasi mawili, kisha geti la shule. Saa tisa alasiri alikwenda kumchukua, akarudi naye kazini, na Macho akakaa chini ya meza ya kukatia vitambaa mpaka kazi iishe. Walifika nyumbani jua limezama. Babu alishinda kwa jirani mwenye kuku.

Babu alinenepa. Wiki ya kwanza hakukohoa, wala ya pili. Wiki ya nne Brashi alikitoa kile kibarakoa cha plastiki kwenye msumari wa ukutani, akakiweka juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa. Usiku ule aliimba akioga.

Macho alikonda. Mwalimu alimwita Mama Macho pembeni getini.

"Analala, mama. Namwamsha, analala tena. Mtoto kiziwi akifumba macho nimempoteza, hakuna nilichobakiza." Akapunguza sauti. "Na Jumatatu alijikojolea. Sijui ni ndani ya basi. Wenzake wamemtungia jina kwa alama, sipendi kukuonyesha."

"Nitamwekea nguo ya kubadili."

"Mwekee," mwalimu alisema, na akamtazama kwa huruma iliyouma kuliko tusi.

Kazini mambo hayakuwa mazuri zaidi. Mama Macho alikuwa fundi wa mapazia kwenye duka lenye cherehani nne, na kwa miaka sita cherehani ya dirishani ilikuwa yake. Asubuhi moja alifika amechelewa nusu saa akamkuta binti mgeni amekaa pale. Tajiri yake, mwanamke mwenye miwani ya kuning'inia, hakupandisha hata sauti.

"Wewe kaa pale nyuma ushone pindo kwa mkono. Siku hizi unakuja na usingizi na saa tisa unatoroka. Mimi nikulipe kwa kunitembelea?"

"Nisamehe, dada. Ni mtoto."

"Mtoto ndiyo, tumezaa wote. Ila mimi wangu simleti chini ya meza."

Wale mafundi wengine waliinamisha vichwa kwenye cherehani. Mama Macho alihamia nyuma. Alishona pindo kwa mkono, akilipwa kwa pindo, na akawa anajichoma sindano kwa usingizi.

Wiki ya saba ilikuja kazi ya mapazia ya ukumbi, marinda manne kila upande, na mwenye ukumbi alikuwa amesimama dukani anasubiri. Saa tisa ilipofika Mama Macho aliinuka. Tajiri alimtazama juu ya miwani.

"Ukivuka mlango huo kabla pazia hazijaisha, usirudi."

Alikaa. Alijiambia mwalimu atamshikilia Macho, amekwisha kumshikilia mara mbili. Alishona kama mwendawazimu. Saa kumi na robo aliukata uzi wa mwisho kwa meno, akatoka mbio na tondoo, kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano, bado liko kidoleni.

Mlinzi wa geti alikuwa anakunywa chai.

"Watoto wameondoka wote, mama."

"Mwalimu wa kitengo?"

"Ana semina leo. Katoka saa saba."

"Na binti yangu? Mdogo hivi, kiziwi?"

"Alikuwa hapa. Nikamwambia kaa. Nilipogeuka hayupo."

Mama Macho aliingia barabarani. Alikimbia kushoto, akarudi, akakimbia kulia. Aliita. Aliita jina la mtoto kwa sauti iliyosimamisha watu, wauza viatu wakageuka, watoto wa shule nyingine wakageuka, mwanamke mmoja akafungua dirisha ghorofani. Na ndipo akagundua kwamba anamwita mtu ambaye peke yake katika mji ule wote asingeweza kumsikia. Aliendelea kuita. Hakujua la kufanya na mdomo wake. Magari yalipita yakipiga honi, na honi ni kwa ajili ya wanaosikia.

Aliulizia kituo cha basi, akaulizia duka la vitabu, akaulizia polisi wa barabarani aliyemwambia amweleze mtoto alivaa nini. Hakukumbuka soksi rangi gani. Yeye ndiye aliyemvisha, gizani, na hakukumbuka.

Saa kumi na mbili kasoro miguu yake ilimpeleka yenyewe nyuma ya soko la vyuma. Macho alikuwa amekaa kwenye ngazi za kile chumba chao cha zamani, juu ya gereji, begi mapajani. Mlango ulikuwa umefungwa. Ulipofunguka, alitoka mpangaji mpya, amefunga kitambaa kichwani, ana hasira.

"Ni wako huyu? Tangu saa tisa na nusu anagonga mlango wangu. Namwambia ondoka, hasikii!"

"Hasikii," Mama Macho alisema.

Macho aliinuka akiwa anatabasamu. Mama yake alimpiga kofi. Lilikuwa kofi moja, la shavuni, la kwanza katika maisha ya mtoto yule, na mkono ulikuwa bado una tondoo la chuma. Kisha akamkumbatia, akaketi naye chini kwenye ngazi, akalia mbele ya mpangaji mpya na mbele ya vijana wa gereji waliovua barakoa zao kutazama. Macho hakulia. Alijishika shavu, akamwangalia mama yake mdomoni akisubiri maelezo.

* * *

Dukani alikataa kurudi; alituma mtu amchukulie mkasi wake, na mkasi haukuja.

Walikaa Jumamosi nzima na jambo lile, yeye na Brashi, mlango wazi ili wamwone Babu akicheza.

"Turudi mjini," Brashi alisema.

"Kwenye chumba gani?"

"Chochote."

"Umesahau ile Jumanne? Mimi sijasahau rangi ya midomo yake."

"Basi Macho asome hapa. Mwaka mmoja tu, nikijipanga..."

"Amwagilie maua?"

Brashi alipiga ngumi goti lake mwenyewe. "Unataka niseme nini, mama watoto? Unanipa watoto wawili na mikono miwili halafu unaniambia nimshike mmoja!"

"Sikukupa mimi."

"Najua."

"Basi usinipigie kelele."

"Sikupigii wewe." Alifunika uso kwa viganja, na sauti ikatoka nyuma ya viganja. "Nampigia nani, sijui."

Jumatatu Mama Macho alimpeleka Macho shuleni alfajiri kwa mara ya mwisho kwa mabasi yale mawili, na mwalimu, ambaye macho yake yalikuwa mekundu tangu aliposikia Macho alipotea, alimpeleka jikoni. Mpishi wa shule alikuwa mjane mwenye chumba kikubwa uchochoroni, hatua chache kutoka getini. Alikuwa akilaza wasichana watatu wa kitengo, wa kutoka mbali, Jumapili mpaka Ijumaa.

"Wa nne atalala na mdogo, kitanda cha chini," mpishi alisema akikoroga sufuria. "Mimi alama zangu ni za jikoni, nikwambie ukweli. Kula, shiba, nawa, lala, acha. Zinatosha kulea."

"Hapigwi?"

"Mimi nina miaka sitini. Nitapata wapi nguvu za kupiga?" Akaacha kukoroga. "Atalia wiki mbili, mama. Wote hulia. Halafu wanazoea, na hapo ndipo mama zao wanaanza kulia."

Kilichobaki kilikuwa kumwambia Macho.

Mama Macho alijifunza kwa mwalimu alama za kutosha: siku tano, kulala hapa, Ijumaa nakuja. Alizifanya vizuri. Macho alizirudia moja moja, akaelewa, kisha akajigusa shavu, upande ule ule, akafanya alama aliyokuwa akiifanya zamani kwa fahari: kwa nini. Akanyoosha kidole kana kwamba zile ngazi za juu ya gereji ziko pale, akatembeza vidole viwili hewani kama mtu anayeondoka bila ruhusa. Alijigusa tena shavu.

Mama Macho alitikisa kichwa kwa nguvu. Hapana, hapana. Siyo adhabu. Lakini alama ya adhabu hakuijua, wala ya kosa, wala ya kusamehe, wala njia yoyote ya kuyaunganisha maneno hayo na neno "siyo". Alifanya alama ya Babu. Alifanya alama ya mgonjwa, akaonyesha kifua, akaonyesha mbali, kule nje, akavuta pumzi ndefu na kutabasamu, kama mwigizaji mbaya. Babu, kule, mzima. Macho, hapa, shule. Macho alizitazama alama zile kwa muda mrefu. Mwishowe aliitikia kwa kichwa, na kuitikia kule hakukumfariji mama yake hata kidogo.

Wiki ilikuwa ndefu. Mama Macho alipata cherehani ya kuazima, akawa anashona sare za shule ile yenye bendera. Babu aliuliza Dada yuko wapi asubuhi, mchana na jioni, na kila mara aliambiwa Ijumaa, na kila mara alikwenda mlangoni kuangalia kama Ijumaa imefika.

Ijumaa Macho alikuja. Hakujikojolea wiki nzima, mwalimu alisema. Alikuwa macho darasani, amesoma maneno kumi na moja mapya. Mama Macho alisikia habari hizo akizishukuru na kuzichukia. Njiani mtoto aliegemea dirisha, hakuuliza swali hata moja. Jumamosi alimfuata mama yake kila alikokwenda, kisimani, chooni, kwa jirani, ameshika ncha ya gauni lake.

Jumapili baada ya chakula cha mchana Mama Macho alikuwa chumbani akikunja sare aliposikia kikohozi.

Aliiangusha sare, akakimbilia uani.

Babu alikuwa amesimama juani, mzima wa afya, mabega ameyapandisha mpaka masikioni, anakohoa. Alikohoa mara tatu, akaacha ghafla, akacheka. Mbele yake Macho alikuwa amechuchumaa, kiganja kimoja amekibandika kwenye kifua cha mdogo wake, anamtazama mdomoni kwa ule uso aliokuwa akimtazama nao mwalimu. Kisha akajaribu yeye. Alipandisha mabega, akafungua kinywa, akajishika kifua. Ilitoka sauti fupi, nzito, kama ya mtu anayesukuma kabati.

"Siyo hivyo, Dada," Babu alisema, kwa uvumilivu. "Hivi." Akakohoa tena ili aone.

Macho alirudia. Safari hii ilikaribia.

Aliinua macho, akamwona mama yake mlangoni. Hakushtuka wala hakuona aibu. Alikohoa mbele yake, mara mbili, akafanya alama ya mgonjwa, akajigusa kifua chake mwenyewe, kisha akanyoosha kidole ardhini, pale pale aliposimama, akakikandamiza hewani mara kadhaa. Hapa. Mimi, mgonjwa, hapa.

Brashi alikuwa kwenye karo akiosha rola zake za kupakia rangi. Aliona yote. Alifungulia maji zaidi, ingawa haikuwa siku ya maji na bomba lilitoa upepo tu, akabaki ameinama pale akisugua rola kavu.

Kati ya alama zote zilizomshinda, alama ya hapana Mama Macho aliijua vizuri. Ni ya kwanza kufundishwa. Aliifanya polepole, akarudi ndani, akaikunja sare upya, akaiweka kwenye begi pamoja na nguo ya kubadili na kipande cha sabuni. Alipotoka Macho alikuwa amekwisha vaa viatu mwenyewe. Alikuwa amekaa kizingitini anafunga kamba, na hakukohoa tena.

Basi la saa kumi halikuchelewa. Babu alikimbia nyuma yao mpaka lami akilia na kumwita Dada yake, mwendo ambao zamani ungemlaza wiki nzima, na baba yake alipomfikia na kumbeba, kifua cha mtoto kilipanda na kushuka bila mluzi wowote.